Twende Mikokoni: Matembezi ya Afya kwa Mama na Mtoto

Leo mada yetu ni kutembea. Na tutatembea mahali ambapo wengi wetu tunapaona tukiwa ndani ya matatu, lakini hatujawahi kuteremka tukapakanyaga: mikokoni.

Najua kuna mama atakayesema, "Mimi natembea siku nzima. Nachota maji, napeleka watoto shule, naenda sokoni. Matembezi mengine ya nini?" Mama huyo ana haki ya kuuliza. Kazi yako ni mazoezi, na mwili wako unaihesabu. Lakini fikiria pia mama mwenzako anayeshinda ameketi kwenye cherehani, au kwenye kibanda cha kuuza mboga, kuanzia alfajiri hadi jioni. Fikiria mtoto anayelelewa katika chumba kimoja cha kupanga, mlango ukifungwa kwa sababu nje ni barabara. Na fikiria mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita, ambaye hajatoka nje ya ua, na kila akiulizwa hali anajibu "mzima" huku machozi yakimlengalenga. Hao wote wanahitaji kutoka. Na hata wewe unayechoka kwa kazi, kutembea bila ndoo kichwani ni kitu tofauti.

Mwili unahitaji mwendo kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 kila siku. Na mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji dakika 180 za kutambaa, kukimbia na kucheza, zikigawanywa siku nzima. Utajuaje kwamba mwendo wako unatosha? Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, basi huo ndio mwendo wa kiasi unaotakiwa.

Mwendo wa namna hii husaidia kushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari, na hupunguza wasiwasi na huzuni. Safari moja ya mikokoni kwa mwezi haiwezi kukupa hayo yote. Lakini safari hiyo hukufungulia mlango. Mtoto akishaonja kutembea na mama yake, kesho atakuvuta mkono mtembee mpaka mwisho wa mtaa.

Mikokoni ni wapi, na tunafikaje?

Mikoko ni miti inayoota pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Ni sehemu ya ardhi oevu, yaani ardhi yenye majimaji. Hapa Kenya tuna aina 9 za miti hii, na zaidi ya nusu ya misitu yake iko Lamu. Lakini huhitaji kwenda mbali wala kuwa na gari lako. Nitakutajia mahali pawili panapofikika kwa matatu.

Pa kwanza ni Gazi, kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukitoka kisiwani, unavuka kwa feri ya Likoni, na anayevuka kwa miguu halipi. Ng'ambo ya pili unapanda matatu ya kwenda Msambweni au Lunga Lunga, inapita Ukunda, na unamwambia makanga mapema akushushe steji ya Gazi. Kutoka barabarani unaingia kijijini kwa miguu au kwa bodaboda. Huko akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao iliyojengwa juu ya matope, inayopita katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, na akitaka chakula cha Kiswahili huagiza, akina mama wakampikia. Kijiji hiki pia ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, na fedha zinazopatikana zimesaidia kuleta maji na kuinua shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo, mama, ukitembea pale unatembea juu ya kazi ya mikono ya akina mama wenzako.

Pa pili ni Mida, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu. Matatu za Mombasa na Malindi hupita Mida na Gede. Shuka Mida, kisha ulizia njia ya daraja la mikokoni. Ni daraja la mbao la kuning'inia, linalopita kwenye mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kuanzia mwezi wa Septemba hadi Aprili, ndege wengi wanaokimbia baridi ya kaskazini huja kula kwenye matope ya Mida. Mapato ya daraja hilo yamekuwa yakisaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vilivyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kabla ya kufunga safari, piga hesabu. Uliza nauli steji siku moja kabla, kwa maana wikendi na sikukuu hupanda. Uliza kiingilio pia. Ukiwa na chama chenu cha akina mama, nendeni pamoja. Mtalea watoto kwa zamu, na hakuna atakayekuwa peke yake.

Jambo la kwanza: jua maji

Sasa, mama, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye uhai wa mtoto.

Bahari yetu hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kutoka maji yakiwa yamekupwa kabisa hadi yajae kabisa ni kama saa 6. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Maana yake, ukiambiwa leo maji yamekupwa saa 3, usirudi wiki ijayo saa hiyo hiyo ukidhani utayakuta yamekupwa.

Kuna siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa sana na hujaa sana, na tofauti huweza kupita mita 3. Hiyo ni zaidi ya kimo cha mtu mzima aliyesimama. Na kuna siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo tofauti ni ndogo. Katika siku za bamvua, pwani yetu kwa kawaida hukupwa kabisa kwenye saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 hadi saa 11 jioni. Hizo ni siku nzuri kwa mama na mtoto. Unaanza kutembea saa 2 au saa 3 asubuhi, jua halijawa kali, maji yanatoka, na ikifika saa 4 umeshamaliza na uko kivulini.

Watu wengi hufikiri maji yakirudi utayaona yakija kwa mbele kama wimbi. Mikokoni siyo hivyo. Maji huingia kimyakimya kupitia vijito. Vijito vilivyo nyuma yako vinaweza kujaa kwanza, wewe ukiwa bado umesimama pakavu, ukiokota makome na mtoto. Ukigeuka, njia uliyokuja nayo imekuwa mto. Kwa hiyo sheria ni hii: shuka kwenye matope au mchanga maji yakiwa yanatoka tu, na uwe umesharudi nchi kavu kabla hayajageuka. Kama hujui saa za maji, muulize mvuvi au mwongoza wageni wa pale. Naye akisema "leo hapana," basi ni hapana. Bakini kwenye njia ya mbao.

Hata juu ya njia ya mbao, mtoto wa chini ya miaka 6 ashikwe mkono wakati wote. Mbao huoza kwa maji ya chumvi. Tazama mbele, kanyaga pale palipo imara, na msirundikane mahali pamoja. Daraja likitikisika, piteni wachache wachache. Mtu mzima mmoja asiongoze watoto wengi kuliko mikono aliyo nayo. Na mama mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu au anayetembelea mkongojo, ulizia kwanza hali ya njia, kwani ni nyembamba na mbao zina nafasi katikati.

Jambo la pili: jiandae nyumbani

Weka haya kwenye kikapu: maji safi ya kunywa, chakula kidogo, kofia au leso ya kujifunika kichwa, sabuni, kitambaa safi, na nguo ya kumbadilishia mtoto. Chakula kisichoharibika upesi ndicho kizuri, kama mahamri, muhogo wa kuchemsha, ndizi au njugu. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, asije akapaliwa.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anapewa nini kwenye joto? Maziwa ya mama peke yake. Usimpe maji, hata jua likiwa kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama ndiye unywe maji ya kutosha. Mbebe kwa leso akiwa amefunikwa kichwa lakini pua na mdomo viwe wazi apate hewa.

Vaeni viatu vilivyofunika vidole na visivyovuka kwenye matope. Mti wa mchu una mizizi midogo inayochomoza juu ya ardhi kama penseli, nayo hutoboa mguu. Na juu ya mizizi ya mkoko huota chaza wenye makali kama wembe.

Mbu nao tuwakumbuke. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo ondokeni kabla ya magharibi, na nyumbani kila mtu alale ndani ya neti yenye dawa. Mbu wanaoleta homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo, huuma mchana. Mombasa ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2013. Mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu inafaa, lakini usimpake mtoto wa chini ya miezi 2, na usimpake mtoto yeyote viganjani, kwani atajilamba. Mtoto akipata homa siku zozote baada ya safari, mpeleke apimwe. Usikisie kwa dawa za dukani.

Jambo lingine ni usafi wa mahali penyewe. Mikoko ya karibu na miji hupata maji machafu, kama ilivyo kwenye hori ya Tudor pale Mombasa. Pale unapoona mtaro wa maji taka unamwagika, mtoto asichezee matope. Na popote mlipotembea, oshaneni mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nepi na mifuko mrudi nayo nyumbani.

Jambo la tatu: tembea na mtoto, usimburute

Mama, ukifika usiharakishe. Mwache mtoto aone, na wewe mtajie majina. Mti wenye mizizi kama miguu mingi ya buibui ni mkoko. Ule wa mizizi ya penseli ni mchu. Ulio upande wa maji mengi, wenye maua meupe, ni mlilana. Mwambie alambe jani la mchu, lililo safi, aonje chumvi, kwa sababu mti huu hutoa chumvi kupitia majani yake. Muonyeshe kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa analolipunga kama anayemwita mtu. Muonyeshe samaki wa matope wanaorukaruka nje ya maji. Asiingize mkono kwenye mashimo.

Kisha muonyeshe mkoko ulivyo mzazi. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama fimbo, na mama yake akaibeba mpaka iwe tayari. Ndipo huanguka na kujichomeka kwenye matope. Mtoto hasahau habari kama hiyo. Na kuzungumza naye hivi, ukimjibu maswali yake, ni chakula cha ubongo wake kama vile uji ulivyo chakula cha mwili.

Nani aulize kliniki kwanza?

Mama mjamzito mwenye afya anaweza kutembea, na ni vizuri atembee. Lakini matope yanateleza, basi abaki kwenye njia iliyo imara. Akiona damu, akivuja maji, akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni, au akipata maumivu ya kifua au ya tumbo, asimame na apelekwe hospitali mara moja. Mama aliyejifungua aanze pole pole, na aliyepasuliwa asubiri muuguzi amwambie yuko tayari.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari aendelee na dawa zake kama kawaida. Matembezi husaidia dawa, hayachukui nafasi yake. Mwenye kisukari abebe kitu cha kula, na akirudi akague miguu yake, hata katikati ya vidole, maana anaweza kujikata asihisi. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anywe maji mara kwa mara, asichoshwe na asichezee maji ya baridi kwa muda mrefu. Mwenye pumu asiache kipulizio nyumbani.

Na wewe mama uliyejifungua karibuni, ambaye huzuni imekushika zaidi ya wiki 2, hulali hata mtoto akilala, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo. Nenda kliniki, sema wazi. Huo ni ugonjwa, unatibika, na haumaanishi kwamba wewe ni mama mbaya. Matembezi na wenzako yatakusaidia, lakini usiyatumie kuficha ugonjwa.

Likitokea la kutokea

Akikatwa na chaza, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, na mpeleke zahanati waangalie chanjo yake ya pepopunda. Akichomwa na mwiba wa samaki kama taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, yasiyounguza, kwa nusu saa au zaidi. Mtu mzima ayajaribu maji kwanza kwa mkono wake. Kisha hospitali.

Mtoto akizama, mtoe majini na upige kelele za kuomba msaada. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkamue tumbo. Kama hapumui, anza kumpulizia pumzi mdomoni na kumbonyeza kifua papo hapo, huku mwenzako akitafuta gari. Na hata akizinduka akalia, bado apelekwe hospitali, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumsumbua baadaye.

Akiharisha baada ya safari, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya zahanati. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo visizidi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umfikishe zahanati apate vidonge vya zinki.

Kwa ufupi, mama, kumbuka haya:

1. Uliza saa za maji kabla ya kuuliza nauli.
2. Shuka maji yakitoka, rudi kabla hayajageuka.
3. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote.
4. Viatu, maji ya kunywa, kofia na sabuni visibaki nyumbani.
5. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.
6. Baada ya safari, endelea kutembea mtaani kwako, nusu saa kwa siku.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikundi:

Ni mahali gani karibu nasi tunaweza kutembea na watoto bila hofu? Nani kati yetu anajua kusoma maji na anaweza kutufundisha? Ni mama gani mtaani mwetu ambaye hajatoka nje siku nyingi, na nani atakwenda kumbishia hodi?

Swali hilo la mwisho, mama, lisibaki kwenye karatasi. Mpitie, mshike mkono, mwende pamoja. Mpaka kipindi kijacho, nakutakia afya njema, wewe na wote unaowalea.